UZI: Kupanga shafti ya rafadha unapofunga injini ya ndani. Usimalize kazi chombo kikiwa mchangani

#1. MwanaNgama (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila nikipita humu nakuta mtu kanunua injini ya dizeli iliyotumika, kaifunga kwenye mashua, na mwezi haujaisha anauliza mbona chombo kinatetemeka hadi sufuria zinacheza jikoni, mbona maji yanaingia ngamani (ndani chini kabisa ya chombo) kwa kasi, mbona giaboksi inavuja oili kwa nyuma. Majibu anayopewa ni "badilisha rafadha" (propela, wengine mnaita panga, ni kitu kilekile). Anabadilisha, hela inakwenda, mtetemo uko palepale. Mara nyingi rafadha haina kosa lolote. Kosa liko pale flenji ya giaboksi (ile sahani ya chuma ya kufungia bolti) inapokutana na flenji ya shafti, na lilifanyika siku ya kufunga injini.

Nianze na langu. Miaka ya nyuma, nikiwa Tanga, nilipewa kazi ya kufunga injini kwenye mashua ya futi 36, mbao zake mvule. Tuliipandisha bamvua (maji makuu) la kwanza, tukaiegesha juu ya magogo, nikajenga kitanda cha injini, nikapanga shafti kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Flenji zilikaa kama sahani mbili zilizofunikizana. Nikafunga bolti hapohapo juu. Bamvua la pili tukaishusha, injini ikawaka, kila mtu akafurahi.

Wiki sita baadaye nahodha alinipigia simu. Bushi ya raba inayoshika shafti kule nyuma ilikuwa imelika upande mmoja mpaka tundu limekuwa kama yai, pakingi ya glendi (kile kiungo kinachozuia maji pale shafti inapoingia chomboni) haikai hata ukiikaza, na sili ya nyuma ya giaboksi imeachia. Niliingia ngamani na spana mbili nikaanza kulegeza bolti za flenji. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipolegeza ya nne flenji ziliachana kwa mlio, na pengo lililobaki juu lilikuwa linaingia njiti ya kiberiti. Wiki sita nzima bolti nne ndizo zilikuwa zimekunja ile shafti kwa nguvu, na injini ikawa inaizungusha hivyohivyo imekunjwa. Nahodha yule alipoteza msimu wa samaki. Hilo sijalisahau na ndilo linanifanya niandike.

Nini kilitokea? Chombo kikiwa juu ya magogo, uzito wote umekaa kwenye mkuku (ule mti mrefu wa chini kabisa), sehemu mbili tatu tu. Omo (mbele) inaning'inia, tezi (nyuma) nayo inaning'inia. Kikiingia majini, maji yanakibeba tumbo zima, na lile umbo linabadilika. Huwezi kuliona kwa jicho, lakini shafti inaliona. Halafu mbao zilizokauka juani wiki mbili zinanyonya maji na kuvimba, kwa hiyo hata siku ya kwanza majini siyo siku ya kupima.

Kwa hiyo kanuni yangu tangu siku ile: nchi kavu unapanga kwa makadirio tu, ili bolti zipate matundu yake. Upangaji wa mwisho ni chombo kikiwa kinaelea, kimekaa majini siku mbili tatu, na kama kilikauka sana nakipa wiki. Nanga na mnyororo viwe mahali pake, tangi la dizeli liwe angalau nusu, pipa la maji lijazwe. Na wasiwepo watu sita wamekaa upande mmoja wanakuangalia.

Sasa kazi yenyewe. Toa kwanza waya wa betri, weka gia katikati.

Raba za injini (zile zilizo chini ya miguu yake) ziwe zimebeba uzito wa injini siku moja au mbili kabla hujapima, maana raba mpya inabonyea. Hakikisha miguu yote minne imebeba. Mguu mmoja ukiwa unaelea, utapanga leo na kesho mawimbi yatapangua.

Kisha itafute katikati ya shafti. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Shafti ukiiachia yenyewe ndani ya bomba (lile linaloipitisha kwenda nje ya chombo), mwisho wake wa mbele unainama kwa uzito wake na uzito wa flenji. Ukiipeleka injini ikafuate shafti iliyoinama, umepanga injini na uongo. Shafti ya chuma ya milimita 38 ina kama kilo 9 kwa kila mita. Ikiwa kipande kinachoning'inia kutoka kwenye glendi hadi flenji ni mita 1.2, hicho kina karibu kilo 11. Nusu yake inabebwa na bomba, nusu nyingine haina wa kuibeba, jumlisha na uzito wote wa flenji, tuseme kilo 4. Hiyo ni kilo 9 na nusu. Mimi nachukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, nafunga kamba karibu na flenji, ndoano ya juu naifunga kwenye boriti, navuta mpaka mshale usome 9 na nusu. Hapo shafti imenyooka kama vile haina uzito. Baada ya hapo ndipo injini inaletwa kwake. Injini ndiyo inayoifuata shafti, siku zote.

Leta flenji mbili zikaribiane mpaka zigusane kidogo. Ile shingo ya duara ya flenji moja inatakiwa iingie kwenye tundu la mwenzake kwa kusukuma na mkono. Ikigoma, injini iko juu, chini au pembeni. Usiangalie pengo kabla hujarekebisha hilo. Ikishaingia, chukua fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia pengo) upime pengo sehemu nne: juu, chini, kushoto, kulia. Tofauti kati ya pengo kubwa na dogo isizidi milimita 0.1 kwa flenji ya milimita 100. Kwa wanaotumia inchi ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya upana wa flenji. Kitabu cha giaboksi yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu.

Kusahihisha kuna sentensi moja ya kukariri: *mbele ya injini iende kule kule liliko pengo*. Pengo liko chini, shusha mbele. Pengo liko juu, inua mbele. Liko kushoto, peleka mbele kushoto. Na huhitaji kubahatisha ni kiasi gani. Tuseme chini ni 0.45 na juu ni 0.15, tofauti 0.30. Flenji ni milimita 100, na kutoka miguu ya nyuma hadi ya mbele ni milimita 700, yaani mara saba. Basi mbele ishuke 0.30 mara 7, ni milimita 2.1. Nati ya M16 ya kawaida inasogea milimita 2 kwa mzunguko mmoja. Zungusha mara moja nati zote mbili za mbele, pima tena. Maliza juu na chini kwanza, ndiyo uende kushoto na kulia, kwa sababu ukianza na pembeni utakuja kuipoteza ukipandisha.

Na jambo la mwisho kwenye bandiko hili. Bolti za flenji kazi yake ni kushika vilivyokwisha kukutana. Ukiona bolti inavuta flenji zije pamoja, simama.

Nitaendelea na habari ya glendi. Karibuni mwenye swali.

#2. FundiKijana

Shukrani sana mkuu, uzi umekuja wakati wake. Niko Mkokotoni, nafunga injini ya silinda tatu kwenye boti ya abiria ya bosi wangu. Maswali mawili. Aliyetuuzia injini katupa na ile raba nene ya kuweka katikati ya flenji, akasema ukiweka hiyo huna haja ya kupima. Ni kweli? Na fila geji huku sijaipata.

#3. MwanaNgama

Kaka, si kweli, na kwa boti ya abiria nakusihi usijaribu. Ile raba inapunguza kelele na inameza mshtuko unapoingiza gia. Ikilazimishwa kujikunja kila mzunguko inapata joto na kupasuka. Fikiria: injini mizunguko 2,000 kwa dakika, giaboksi inagawa kwa mbili, shafti inazunguka 1,000. Ikiwa imepinda, kwa saa moja inakunjwa na kukunjuliwa mara 60,000. Hakuna raba wala chuma kinachozoea hilo. Shafti nyingi zinazokatika hukatikia pale pale mwisho wa flenji, na ukiangalia mkato unaona mistari kama ya ganda la chaza: imekatika kidogo kidogo kwa siku nyingi. Toa raba, panga flenji kwa flenji, ukimaliza ndiyo uirudishe.

La fila geji wakubwa watasaidia.

#4. MzeeGatini

Vijana salaam aleikum. Mimi nimefunga injini kabla wengi wenu hamjazaliwa na hiyo fila geji nimeiona uzeeni. Tulikuwa tunatumia wembe. Wembe wa kunyolea wa pande mbili ni milimita 0.1, dunia nzima ni huohuo. Unazigusanisha flenji, unazungusha wembe pembeni. Usipoingia popote, umemaliza. Ukiingia juu, na chini hauingii, unajua la kufanya. Funga kitambaa upande mmoja usijikate, ngamani kuna oili na mkono unateleza.

Ila mwanangu MwanaNgama nakupinga kidogo. Umesema fundi wa kutumia jicho anakosea. Kuna jicho na jicho.

#5. MwanaNgama

Shikamoo mzee wangu. La wembe nimelichukua, nitalitumia na nitasema nimelipata kwako. Kuhusu jicho, sikusema hivyo, na kama nimeandika vibaya uniwie radhi. Jicho linaona shafti iliyoinama, linaona kitanda kilichopinda, na hilo geji haliwezi. Ila pengo la nusu milimita jicho halilioni gizani, na shafti inalijua.

#6. MzeeGatini

Marahaba. Hapo tumeelewana.

#7. MwanaMatondoni

Niongeze kutoka Lamu. Kazi ya shafti haianzi kwenye flenji, yaanzia siku ile unapotoboa fashini (ule mti wa nyuma unaopitisha shafti). Sisi twavuta uzi wa kuvulia, mwembamba, kutoka nje ya fashini, upite katikati ya bomba, hadi kwenye msumari mbele ya mahali pa injini. Twaukaza sana maana uzi nao huinama. Kisha twapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa bomba pande nne, mbele na nyuma. Uzi ukikaa katikati pote, huo ndio mstari wa shafti, na magogo ya kitanda hukatwa kuufuata. Twaacha nafasi ya kama milimita kumi chini ya miguu, tuwe na pa kupandisha na pa kushusha.

Nimeona vitanda vilivyotengenezwa injini ikiwa tayari inaning'inia kwenye winchi ya mnyororo. Mtu apachika vipande vya mbao chini ya miguu mpaka ifike. Vile vipande vikioza, kila kitu chashuka. Kitanda kiwe gogo moja refu kila upande, lipite juu ya mataruma (mbavu za chombo) mengi kadiri iwezekanavyo, ili msukumo wa rafadha usambae chomboni. Rafadha haisukumi maji tu, yaisukuma na injini iende mbele.

#8. ZiwaKuu

Wakuu mimi niko Mwanza, huku hatuna bamvua, boti inaelea muda wote kwa hiyo shida ya MwanaNgama ya magogo tunayo mara chache. Nina swali tofauti. Boti yangu ya mizigo ina injini ya lori na giaboksi yake ya lori, na kutoka hapo nimeunga propela shafti ya gari (ile inayotoka giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma) yenye krosi mbili, vile viungo vinavyokunjika, hadi kwenye shafti ya boti. Fundi kaniambia krosi zinameza kila kitu. Sasa giaboksi inalia, na gia ya nne inachomoka yenyewe nikiwa na mzigo.

#9. MwanaNgama

Ndugu yangu ZiwaKuu, nadhani shida yako naiona, na maelezo ya MwanaMatondoni hapo juu ndiyo ufunguo. Rafadha inasukuma. Msukumo ule unapanda na shafti, na lazima upokelewe na kitu. Giaboksi ya boti imetengenezewa beringi ya kupokea msukumo. Ya lori haina, kwa sababu kwenye lori hakuna anayeisukuma kutoka nyuma. Propela shafti ya gari ina hata sehemu ya kuteleza ili isisukume. Kwako ile ya kuteleza ama imefika mwisho ama imegandishwa na kutu, na msukumo wote unaingia kwenye shafti ya ndani ya giaboksi. Siwezi kuapa bila kuiona, ila gia inayochomoka ukiwa na mzigo inaendana na hilo.

Unahitaji beringi ya msukumo kwenye shafti ya boti yenyewe, mbele ya glendi, imefungwa kwa bolti kwenye boriti nene inayopita mataruma. Krosi zibaki baada ya hapo, za kuzungusha tu.

Na krosi zina sheria zake. Ziwe mbili, pembe ya krosi ya mbele iwe sawa na ya nyuma, na uma za ile shafti ya katikati zitazame upande mmoja. Uma zikipishana, shafti itakwenda kwa kuruka hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Na usizinyooshe kabisa. Ziache na pembe ya nyuzi 1 hadi 3, ili vile vijiti vidogo vya ndani ya krosi viwe vinazunguka. Vikikaa sehemu moja vinachimba.

#10. ZiwaKuu

Mkuu nimetoka kuangalia. Ile ya kuteleza imefika mwisho kabisa, chuma kwa chuma. Naanza kutafuta beringi.

#11. MwanaNgama

Vizuri. Wakati unatafuta, punguza mzigo na usipandishe mizunguko.

Nirudi kwenye glendi kama nilivyoahidi. Glendi ya pakingi inatakiwa idondoshe maji shafti ikizunguka. Tone moja kila sekunde kumi hivi, mimi natosheka. Watu wanaona tone wanakaza, wanaona tone wanakaza, mpaka pakingi inakauka, inaungua na kuchimba mfereji kwenye shafti. Weka mkono juu ya glendi baada ya nusu saa ya mwendo: uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kuuacha mkono hapo, legeza. Na glendi ikidai kukazwa kila safari, acha kukaza, rudi kwenye flenji upime. Shafti inayocheza inaipanua pakingi, na hakuna pakingi itakayoshinda hilo.

#12. FundiKijana

Wakuu nimerudi na matokeo. Boti ilishuka Jumamosi, nikaiacha siku tatu kama mlivyoelekeza. Bosi alilalamika lakini nikamsomea uzi huu. Nimetumia wembe wa mzee. Mizani ya samaki nimeazima kwa mama mmoja sokoni, nikamwachia simu yangu rehani.

Kwanza pengo lilikuwa kulia. Nikapeleka mbele ya injini kulia, pengo likapungua. Kisha nikazungusha shafti nusu mzunguko ili nihakikishe, pengo likahamia kushoto! Nimerudia mara tatu. Sielewi.

#13. MwanaNgama

Umefanya jambo la maana sana kuzungusha, na mimi nililisahau kwenye bandiko la kwanza. Ni kosa langu. Flenji ya giaboksi ibaki imesimama, uzungushe ya shafti robo robo. Pengo likibaki palepale, injini ndiyo iko kombo. Pengo likizunguka pamoja na shafti, injini haina kosa: ama flenji haikukaa mraba kwenye shafti, ama shafti imepinda. Ungepanga mpaka Idi usingepata.

Chomoa shafti, uipeleke pamoja na flenji yake kwa mwenye mashine ya kukereza (kuchonga chuma kikizunguka). Aifunge shafti yenyewe, aizungushe, aweke saa ya kupimia kupinda katikati ya shafti. Ikiwa imenyooka, akereze uso wa flenji kidogo ikiwa palepale kwenye shafti. Asikereze flenji peke yake, ukija kuipachika itakaa kombo tena. Kabla hujaitoa flenji kwenye shafti, piga alama kwa patasi kwenye flenji na kwenye shafti, zirudi vilevile. Na usichomoe shafti bila kuwa na kizibo cha mti cha kuingia kwenye bomba na mtu wa kukishika kule nje, maana boti iko majini. Bora zaidi ngoja maji yatoke.

#14. MzeeGatini

Hilo la kizibo alisikilize sana. Nimeona boti ikikaa chini gatini kwa tundu la inchi moja na nusu.

#15. FundiKijana

Nimesubiri maji kutoka, tumechomoa na kizibo tumeweka. Shafti imenyooka, flenji ndiyo ilikuwa kombo. Mkerezaji alisema uso ulikuwa nje robo milimita, ameukereza mbele yangu. Tumerudisha, boti ikaelea usiku kucha, leo asubuhi nimepima. Wembe hauingii popote, na nimezungusha shafti robo robo mara mbili, hauingii. Bolti nne zimeingia kwa vidole mpaka mwisho, spana nimetumia kukaza tu.

Tumekwenda hadi nje ya Tumbatu na kurudi. Glasi ya chai ya bosi ilikuwa juu ya kifuniko cha injini na haikusogea. Glendi inadondosha, nimehesabu tone moja kila sekunde kumi na moja.

#16. MwanaNgama

Hongera sana kaka, na hongera kwa kumsubirisha bosi. Raba za injini ni mpya, kwa hiyo baada ya saa 20 za kutembea toa bolti zile upime tena, utakuta injini imekaa chini kidogo. Na umrudishie yule mama mizani yake.

#17. FundiKijana

Nimeshairudisha, na samaki changu wawili juu. Saa 20 nitaziandika ukutani pale pembeni ya betri.